Gari Kuukuu la Safari za Mbali: Tazama Miguu Kabla ya Rangi

Mkulima mwenye busara akienda mnadani kununua ng'ombe wa maziwa hatazami ngozi peke yake. Humfungua kinywa akatazama meno, humshika kiwele, humtembeza hatua ishirini apate kuona kama anachechemea, ndipo anapouliza bei. Lakini mkulima huyo huyo akienda kununua motokaa kuukuu, mara nyingi hutazama rangi inavyong'aa, hukaa kwenye kiti, hupiga honi mara mbili, kisha hutoa fedha za mavuno ya miaka mitatu. Safari ya kwanza ya mbali gari humwangusha mahali pasipo na maji wala fundi, naye hurudi kwake kwa lori la mbuzi.

Makala hii yamhusu mtu anayetaka gari la magurudumu manne yote yenye kuvuta, gari lililotumika, ambalo litampeleka mbali na lami na kumrudisha. Huenda wewe ni mwanachama wa kikundi kinachotaka kwenda Marsabit au Samburu kununua mbuzi wa Galla wa mbegu. Huenda vijana wenu hupokea wageni shambani, na wageni hao wameomba wapelekwe kuliona Ziwa Turkana. Au huenda umestaafu kazi, na unataka kuiona nchi yako mwenyewe kabla miguu haijachoka. Kwa kila mmoja wa hao shauri letu ni moja: anzia chini. Miguu ya gari ni ekseli zake.

NCHI UTAKAYOPITA

Tangu lami kutoka Isiolo hadi Moyale ilipokamilika katika miaka ya 2010, watu wengi hudhani kwamba kaskazini sasa ni nchi ya kila gari. Ni kweli kwamba safari ile ya kilomita zipatazo 500, ambayo zamani ilivunja malori, imekuwa rahisi. Lakini toka nje ya lami, uone. Njia ya kutoka Laisamis kwenda Sarima ilitengenezwa upya ili kupitisha vyuma vya mitambo 365 ya umeme wa upepo karibu na Ziwa Turkana. Hata hivyo si njia ya mchezo. Njia ya kutoka Maralal kupitia Baragoi na South Horr hadi Loiyangalani ni zaidi ya kilomita 200 za mawe, vumbi na mito ya mchanga ambayo wenyeji huiita laga. Jangwa la Chalbi wakati wa kiangazi ni uwanja mkavu, mweupe kwa chumvi; mvua ikinyesha huwa tope linaloweza kumeza gari hadi milangoni.

Katika nchi kama hiyo ekseli ina maadui watatu. Wa kwanza ni mawe, ambayo huipiga kutoka chini. Wa pili ni mchanga, ambao hulazimisha injini kuvuta kwa nguvu zote huku magurudumu hayataki kuzunguka, hata shafti zikajipinda kama kamba. Wa tatu ni yale makunyanzi ya barabara iliyojikunja kama bati. Huyu wa tatu ndiye mbaya kuliko wote, kwa sababu hapigi kwa nguvu mara moja. Hutikisa kidogo kidogo, maelfu ya mara kwa saa, mpaka nati ilegee, beringi iliwe na chuma kipasuke.

EKSELI NI KITU GANI?

Ekseli ni ule mti wa chuma ulio chini ya gari, unaotoka gurudumu hadi gurudumu. Katikati yake pana uvimbe kama kibuyu. Humo ndimo iliko difu, yaani gia zinazopokea nguvu ya injini kutoka kwa propela na kuigawa kulia na kushoto. Ndani ya mti huo mmepita shafti mbili, moja kwa kila gurudumu, ambazo mafundi huziita hafushafti. Na mwisho wa kila upande kuna habu pamoja na beringi zake, na habu ndiyo inayoshika gurudumu.

Sasa yakupasa kujua tofauti mbili, maana ndizo zitakazokuongoza sokoni.

Tofauti ya kwanza ni kati ya gari lenye ekseli nzima na gari ambalo kila gurudumu huchezea peke yake. Katika magari mengi ya siku hizi hakuna mti mzima mbele wala nyuma. Kila gurudumu lina mikono yake na viungo vya mpira. Magari hayo hukaa vizuri barabarani wala hayamrushi abiria. Kwa mtu wa lami na murramu nzuri hayana ubaya. Lakini viungo vyake ni vingi, na kila kiungo ni mahali pa kuchakaa. Tena gurudumu likipanda jiwe, tumbo la gari hubaki pale pale chini lilipokuwa. Ekseli nzima ni nzito na hurusha, lakini viungo vyake ni vichache, fundi wa kijiji huifahamu, na gurudumu likipanda jiwe difu nayo huinuka kidogo pamoja nalo.

Tofauti ya pili haionekani upesi, lakini ndiyo kubwa. Ni kazi ya hafushafti. Katika ekseli nyingine, shafti hufanya kazi mbili pamoja: huzungusha gurudumu, na pia hubeba uzito wa gari. Ni kama mtu aliyejitwika gunia kichwani huku anasukuma mkokoteni. Shafti ya namna hiyo ikikatika karibu na mwisho wake, gurudumu laweza kuchomoka likaenda zake, nalo gari likaanguka. Katika ekseli za namna ya pili, uzito wote hubebwa na habu ambayo hukaa juu ya mti wenyewe kwa beringi mbili. Shafti haina mzigo. Kazi yake ni kuzungusha tu. Ikikatika, gurudumu hubaki mahali pake. Unachomoa vipande vya shafti, unaziba tundu ili mchanga usiingie, unaunganisha magurudumu ya mbele yavute, kisha unarudi polepole. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuchelewa na kuangamia.

Utazitambuaje? Chuchumaa kando ya gurudumu la nyuma, utazame katikati. Ukiona habu imetokeza nje kama kikombe, na usoni pake pana duara la bolti au nati ndogo ambazo si zile za kufungia gurudumu, basi shafti hiyo haibebi mzigo. Ukiona uso bapa tu na nati za gurudumu peke yake, basi yaelekea shafti inafanya kazi zote mbili. Kumtazama gurudumu hakuna gharama, na hata mtoto wa shule aweza kufundishwa.

MAGARI YANAYOJULIKANA

Hatumwambii msomaji anunue gari la kampuni fulani. Twamweleza tu yale yanayojulikana.

Land Rover zilianza kutengenezwa mwaka 1948, na kuna wazee wengi nchini waliojifunza kuendesha katika gari hilo. Zina ekseli nzima mbele na nyuma, na karibu zote shafti zake hazibebi mzigo. Lakini shafti za zamani, zile zenye meno 10, zajulikana kwa kukatika, hasa katika gari refu lililojazwa sana. Zile za meno 24 zilizokuja baadaye ni imara zaidi. Magari marefu ya kuanzia miaka ya 1970 mengi yalipewa ekseli ya nyuma iliyo nzito zaidi, iitwayo Salisbury. Utaijua kwa kibuyu chake kikubwa chenye mfuniko wa nyuma uliofungwa kwa bolti. Ukipata gari refu lenye ekseli hiyo, umepata miguu mizuri. Bodi yake ni ya aluminiamu, haili kutu. Lakini chasisi ni ya chuma cha kawaida, na kutu huila kimyakimya chini ya matope. Jua pia kwamba Defender ya zamani iliacha kutengenezwa Januari 2016. Ile mpya iliyoanza kuuzwa mwaka 2020 ina jina lile lile, lakini haina ekseli nzima. Jina ni moja, gari ni jingine.

Toyota Land Cruiser za namna ya 70 zilianza mwaka 1984, na zingali zinatengenezwa. Hata Mombasa huunganishwa. Ndizo utakazoziona zaidi kaskazini, kwa polisi, kwa mahospitali na kwa wafanya biashara. Kwa hiyo vipuri vyake na mafundi wake hupatikana hata katika miji midogo, na hilo peke yake ni sababu kubwa. Zina ekseli nzima mbele na nyuma. Zile za kabla ya 1999 zina springi za vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine mbele na nyuma; baada ya mwaka huo za mbele zikawa za kuviringika. Alama ya upesi ni nati za gurudumu: zile za zamani zina sita, na pikapu na gari refu la baada ya 1999 zina tano. Injini yake ya dizeli ya silinda sita, lita 4.2, iitwayo 1HZ, haina haraka, lakini ina subira kama punda.

Nissan Patrol za miaka ya 1990 nazo zina ekseli nzima mbele na nyuma, tena nene. Uliza kwanza vipuri vyapatikana wapi karibu nawe. Suzuki Jimny ni ndogo, nyepesi, na ina ekseli nzima pande zote mbili. Yafaa watu wawili wenye mzigo mdogo, haifai kikundi. Pikapu nyingi, kama vile Toyota Hilux na Isuzu za miaka ya karibuni, zina ekseli nzima nyuma tu; mbele kila gurudumu huchezea peke yake. Hizo ni gari nzuri za shamba, na zikiendeshwa kwa adabu hufika mbali. Lakini zisijazwe mawe ya kujengea leo na kutumwa Loiyangalani kesho.

Kumbuka tena kwamba gari lililotumika linaloletwa Kenya kutoka nchi za nje haliruhusiwi likiwa limepita miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza. Kwa hiyo gari la miaka ya 1990 utalinunua humu humu nchini, kwa mtu aliyekwisha kulitumia katika barabara hizi hizi. Ndiyo maana ukaguzi hauna budi.

UKAGUZI WENYEWE

Fika asubuhi, gari likiwa baridi. Vaa nguo za kazi. Chukua tochi, kitambaa, kamba ndefu, nyundo ndogo, jeki na spana, na fundi asiye rafiki wa mwuzaji. Ukimwambia mwenye gari, "Mzee, naomba niingie chini nitazame," naye akajibu, "Kijana wangu, gari hili ni zima, huko chini wataka nini?" basi amekwisha kukuambia habari zote unazozihitaji. Mshukuru, uende kwa mwingine.

Kwanza, tazama ardhi pale gari lilipolala. Madoa ya oili chini ya difu au ndani ya magurudumu yaonyesha sili zilizochoka. Na ukikuta tumbo la gari limeoshwa likang'aa na kupakwa rangi nyeusi juzi, uwe macho zaidi. Hakuna aoshaye tumbo la gari bila sababu.

Pili, kagua mti wa ekseli kutoka mwisho hadi mwisho. Tafuta mipasuko, mahali palipobonyea, na mahali palipochomelewa. Kisha tumia kamba. Magurudumu ya mbele yakiwa yametazama mbele sawasawa, pima kutoka katikati ya habu ya mbele hadi katikati ya habu ya nyuma, upande wa kulia. Halafu pima upande wa kushoto. Vipimo viwe sawa. Vikitofautiana kwa upana wa kidole au zaidi, huenda ekseli imesogea, au imepinda, au gari limepata ajali. Tairi lililoliwa ukingo mmoja tu nalo hutoa ushahidi huo huo.

Tatu, tazama springi. Hesabu vyuma vyake kulia na kushoto, uone kama kuna kilichovunjika. Tikisa zile bolti za umbo la U zinazoifunga ekseli kwenye springi. Zikilegea, ile bolti ndogo ya katikati hukatika, nayo ekseli husogea mahali pake.

Nne, nenda kwenye ekseli ya mbele, nyuma ya magurudumu. Katika Land Rover na Land Cruiser utakuta tufe kubwa la chuma ambalo gurudumu hugeukia. Lifute kwa kitambaa. Lisiwe na vishimo vya kutu, wala oili isitiririke. Grisi kidogo si neno; lakini grisi iliyokuwa majimaji yaonyesha kwamba oili ya difu imevuka sili ikachanganyika nayo.

Tano, omba kufungua bolti ya oili ya difu, mbele na nyuma. Chovya kidole. Oili nyeusi ni ya zamani tu. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji, na gari lenye maji ndani ya difu limekwisha kula beringi zake au lingali linazila. Unga laini wa chuma kwenye bolti si wa kuogopesha. Vipande unavyoweza kuvihesabu ni meno ya gia. Vikiwapo, punguza bei ya difu nzima au uondoke.

Sita, zuia magurudumu kwa mawe makubwa, toa gia, achia breki ya mkono, kisha zungusha propela kwa mikono, huku na huku. Kuwako nafasi kidogo ni desturi. Ikigeuka sana kabla ya kushika, huku ikigonga kwa ndani, difu au zile krosi za propela zimechoka.

Saba, inua kila gurudumu kwa jeki, na mawe yakiwa yamezuia mengine. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Watu wamekufa hivyo. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, ni beringi ya habu, au kwa magurudumu ya mbele huenda ni viungo vya kugeukia. Lizungushe pole pole usikilize kama lakwaruza.

Nane, piga chasisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa na kutu hunong'ona. Tazama hasa pale springi zinaposhikwa na pale sanduku la usukani lilipofungwa. Magari yaliyokaa pwani yatazame mara mbili.

Tisa, liendeshe. Pasipo na lami, weka gia za magurudumu manne, kwanza za kawaida, kisha zile nzito, na mwenzako asimame kando atazame kama magurudumu ya mbele yavuta kweli. Usishangae ukikuta propela ya mbele iliondolewa miaka mingi iliyopita ili kupunguza dizeli. Geuza usukani hadi mwisho, ukienda polepole katika duara: mlio wa ta-ta-ta mbele waonyesha kiungo cha shafti kilichochoka. Kisha nenda kwa mwendo wa kilomita 60. Mvumo unaobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta hutoka kwenye difu. Mvumo unaobadilika ukikata kona hutoka kwenye beringi za magurudumu. Lakini gari ambalo magurudumu ya mbele huunganishwa kwa hiari usiliendeshe likiwa limeunganishwa juu ya lami kavu, maana hujifunga na kuumiza gia zake.

KARATASI NAZO ZINA EKSELI

Gari laweza kuwa zima na karatasi zikawa zimevunjika. Soma namba iliyopigwa kwenye chasisi kwa macho yako mwenyewe, uilinganishe na kitabu cha gari, tarakimu kwa tarakimu. Kisha tafuta habari za gari hilo katika daftari la NTSA kwa njia ya eCitizen, uone jina la mwenyewe, na kama benki ina haki juu yake. Ukiambiwa, "Mwenyewe yuko safarini, mimi ni binamu yake," ngoja mwenyewe arudi. Usitoe fedha kabla ya kuwa tayari kuhamisha jina. Kama gari ni la kikundi, andikeni katika kumbukumbu za mkutano ni jina la nani litakaloandikishwa na ni nani atakayetunza funguo. Ugomvi wa funguo umeua vikundi vingi kuliko ukame.

VIKUNDI VIWILI

Tuseme vikundi viwili vina fedha sawasawa, shilingi 1,600,000. Kikundi cha kwanza kiliona gari linalong'aa, lenye redio nzuri na matairi mapana, kikatoa fedha zote. Difu ya nyuma ilikuwa ikivuma, lakini mwuzaji alisema, "Hiyo ni sauti ya matairi tu." Kikundi cha pili kilitenga kwanza sehemu moja ya tano, yaani shilingi 320,000, kikasema kwamba fedha hizo haziguswi sokoni. Kwa zile 1,280,000 zilizobaki kikanunua gari lililopauka rangi, viti vimeshonwa, lakini ekseli zake zimenyooka na difu kimya. Zile fedha za akiba zikanunua beringi, sili, springi mbili, shokabsoba na matairi.

Mwezi wa pili vyote viwili viliondoka kwenda kununua mbuzi. Huhitaji kuambiwa ni kikundi gani kilichorudi na mbuzi, na ni kipi kilichouza mbuzi wake njiani kwa bei ya kutupa ili kulipa gari la kuvutwa. Rahisi ni ghali, walisema wazee, na hawakuwa wameona difu hata moja.

BAADA YA KUNUNUA

Hata gari zuri lisiende mbali wiki ile ile ulipolinunua. Mwaga oili ya injini, ya gia na ya difu zote mbili, utie mpya. Fungua habu, osha beringi, uzipake grisi upya. Tafuta ule mrija mdogo ulio juu ya ekseli, unaoifanya ipumue. Ukiziba, ekseli yenye joto ikiingia mtoni hupoa ghafula na kuvuta maji kupitia sili. Usafishe, na ikiwezekana ongeza mpira wake ufike juu karibu na injini.

Kisha pima mzigo wako kwenye karatasi kabla ya kuupima kwenye springi. Watu watano ni kilo 350 hivi. Lita 60 za maji ni kilo 60. Lita 80 za dizeli ni kama kilo 67. Magurudumu mawili ya akiba ni kama kilo 70. Hema, chakula, vyombo na vipuri, tuseme 150. Jumla imekaribia kilo 700, na bado hujapakia mbuzi hata mmoja wala hujampa mtu wa njiani nafasi. Vitu vizito viwe chini na mbele ya ekseli ya nyuma, si juu ya paa.

Chukua hafushafti moja ya akiba kwa kila upande, kwa kuwa ya kulia na ya kushoto mara nyingi hazilingani urefu. Chukua pia beringi na sili za habu, krosi za propela, bolti ya katikati ya springi na bolti za U, oili ya difu, mnyororo au kamba ya kuvutia, sepetu, na pampu. Ukiingia kwenye mchanga, punguza upepo wa matairi, kwa mfano kutoka ratili 40 hadi 20, ili tairi litambae pana kama mguu wa ngamia. Ukitoka ujaze tena. Kwenye mawe, gia nzito na mwendo wa mtu anayetembea. Kwenye makunyanzi, punguza, simama kila baada ya saa moja na uguse habu kwa nyuma ya mkono: ile iliyo moto kuliko wenzake inakuomba msaada.

Ikiwezekana nendeni magari mawili. Mwambie mtu mnakokwenda na siku mtakayorudi. Ulizeni polisi habari za njia na usalama kabla ya kuacha lami. Na gari likivunjika kabisa, msitawanyike kutafuta msaada juani. Kaeni karibu na gari, kwenye kivuli chake, pamoja na maji yenu. Gari huonekana kwa mbali kuliko mtu.

Mkulima, wewe hukununua shamba lako kwa kutazama ua wake. Ulichimba udongo, ukauponda mkononi, ukaunusa. Fanya vivyo hivyo na gari. Rangi hupakwa kwa siku moja, na viti hushonwa kwa siku mbili, lakini ekseli iliyopinda itakufuata kila kilomita mpaka siku utakayoiacha porini. Jumamosi ijayo ukienda kulitazama gari lile uliloahidiwa, mwachie mwenyewe alisifu. Wewe lala chini na tochi yako.